Jino la utoto nalo lina kiini: Fahamu dawa zinazotumika kulitibu kabla ya kufikia uamuzi wa kung'oa

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Saa nane usiku mtoto wa miaka 5 anaamka akiwa ameshika shavu na kulia. Mama yake anamsukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, anampa dawa ya kutuliza maumivu, na kulipokucha familia inaanza mjadala: je, gego hilo ling'olewe, kwa kuwa hata hivyo siku moja litang'oka lenyewe, au ipo namna nyingine? Haya si maelezo ya familia moja mahususi. Ni hali ambayo mkazi yeyote wa Kiseke, Buswelu au Nyakato mwenye mtoto mdogo anaweza kujikuta ndani yake, kama wazazi wengine wengi wa mwambao wa Ziwa Viktoria.

Jibu la haraka huwa ni kung'oa, na jibu hilo lina mantiki yake. Jino la utoto ni la muda, safari ya hospitali hugharimu nauli na siku ya kazi, na jino likishatoka maumivu hukoma. Hata hivyo, tiba ya meno ya watoto ina njia ya pili ambayo wananchi wengi hawajaisikia, nayo ni kutibu kiini cha jino na kuliacha jino likae kinywani hadi muda wake wa kung'oka utimie. Kufanikiwa kwa njia hiyo hutegemea mambo mawili: jinsi mtoto alivyofikishwa mapema kwa mtaalamu, na dawa inayowekwa ndani ya jino. Makala haya yanajikita zaidi katika hilo la pili, kwa kuwa ndilo ambalo mzazi hukutana nalo kwenye karatasi ya matibabu likiwa limeandikwa kwa majina magumu yasiyo na ufafanuzi.

Kiini cha jino na sababu ya kukihifadhi

Kila jino, liwe la utoto au la ukubwani, lina tabaka gumu la nje, tabaka la pili lililo laini kidogo chini yake, na katikati nafasi iliyojaa nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Nyama hiyo ndiyo kiini. Hujaa chumba kilicho ndani ya kichwa cha jino, kisha huteremka kwa njia nyembamba hadi kwenye ncha za mizizi.

Mtoto ana meno ya utoto 20. La kwanza huota akiwa na umri wa takriban miezi 6, na yote huwa yamekamilika anapokaribia miaka 3. Meno hayo si nakala ndogo ya meno ya mtu mzima. Tabaka lake la nje ni jembamba, ilhali kiini chake ni kikubwa kikilinganishwa na ukubwa wa jino. Matokeo yake ni kwamba tundu linaloonekana dogo juu ya gego la mtoto linaweza kuwa tayari limekaribia kiini, wakati tundu la ukubwa huohuo kwa mtu mzima lingekuwa bado liko mbali. Ndiyo maana wazazi husema jino "limeoza ghafla". Halikuoza ghafla, ila lilikuwa na safari fupi ya kupita.

Mizizi ya magego ya utoto nayo imetanuka kama miguu ya kigoda, na katikati yake, ndani ya taya, imelala mbegu ya jino la ukubwani. Kiini kinapokufa, usaha hupendelea kutokea mahali mizizi inapogawanyika, yaani juu kabisa ya mbegu hiyo. Uambukizo ukikaa hapo kwa muda mrefu, jino la ukubwani linaweza kuja kuota likiwa na tabaka la nje lenye dosari, madoa au vishimo. Jino bovu la utoto lililoachwa bila tiba kwa hoja kwamba "litang'oka tu" linaweza kuacha alama kwenye jino ambalo mtoto atakaa nalo maisha yake yote.

Kung'oa nako kuna gharama yake. Gego la pili la utoto hung'oka kwa kawaida kati ya umri wa miaka 10 na 12. Likitolewa mtoto akiwa na miaka 5, pengo litakaa wazi kwa miaka 5 au zaidi. Mtoto anapofikisha takriban miaka 6, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya mahali hapo na, kwa kukosa kizuizi, husogea mbele na kuchukua nafasi ya mwenzake ambaye bado hajaota. Meno hubanana na mengine huota nje ya mstari. Ipo nyaya maalumu ya kutunza nafasi ambayo daktari anaweza kuifunga baada ya kung'oa, lakini jino lenyewe ndilo kifaa bora cha kazi hiyo. Hapa inafaa kuongeza kwamba gego hilo la miaka 6 huota bila jino lolote la utoto kung'oka, hivyo wazazi wengi hulidhania kuwa nalo ni la utoto na kulipuuza likianza kutoboka.

Dalili zinazoamua aina ya tiba

Kabla ya kuchagua dawa, daktari wa kinywa na meno hutafuta kujua kiini kina hali gani. Maumivu yanayokuja mtoto anapokula kitu kitamu au cha baridi na kukoma baada ya muda mfupi huashiria kiini kilichokereka lakini kizima. Maumivu yanayomwamsha usiku, au yanayokuja yenyewe bila sababu, huashiria kwamba uharibifu umeingia ndani. Kipele cha usaha kwenye fizi, jino kulegea kabla ya wakati wake, au uvimbe, ni dalili za kiini kilichokufa. Picha ya eksirei husaidia kuona kilicho kati ya mizizi, mahali ambapo jicho halifiki.

Kiini kikiwa bado kizima lakini kimefikiwa na uozo, tiba inayotumika mara nyingi kwa magego ya utoto ni kuondoa sehemu ya juu ya kiini tu. Mtoto huchomwa sindano ya ganzi, sehemu iliyooza huondolewa, chumba cha kiini hufunguliwa, na nyama iliyo ndani ya kichwa cha jino hutolewa. Ile iliyo ndani ya mizizi huachwa. Daktari hukandamiza hapo pamba yenye unyevu kwa dakika chache na kusubiri. Damu ikikoma, ni ishara kwamba kiini cha mizizini bado ni kizima. Ikiendelea kutoka, uambukizo umekwisha kuteremka na mpango wa tiba lazima ubadilike. Uamuzi mkubwa wa tiba hii hufanyika katika dakika hizo chache, na hakuna dawa ghali inayoweza kufidia uamuzi uliokosewa hapo.

Damu ikishakoma, panabaki swali la nini kiwekwe juu ya kiini kilichobaki.

Kutoka fomalini hadi saruji

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 jibu lilikuwa formokresoli, mchanganyiko wa fomalini na kresoli ulioanzishwa katika tiba ya meno na Mmarekani John Buckley mwaka 1904. Pamba iliyoloweshwa kidogo kwa dawa hiyo huwekwa juu ya kiini kwa dakika chache, nayo hukausha na kugandisha nyama ya juu, karibu na jinsi fomalini inavyohifadhi viungo katika maabara. Haiponyi kiini. Hukifanya kitulie bila kuoza. Dawa hiyo ni ya bei nafuu, ni rahisi kutumia, na imehifadhi mamilioni ya meno ya watoto duniani.

Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliiweka fomalidehaidi, ambayo ndiyo kiungo kikuu cha fomalini, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ni vyema jambo hili lieleweke kwa usahihi wake. Hitimisho hilo lilitokana hasa na watu wanaovuta hewa yenye kemikali hiyo kwa muda mrefu kazini, si na watoto waliotibiwa jino moja kwa kiasi kidogo kilichobaki kwenye pamba. Mzazi ambaye mwanawe alitibiwa kwa formokresoli hana sababu ya kukosa usingizi. Lakini tangu hapo madaktari wengi waliona kwamba, iwapo ipo dawa nyingine inayofanya kazi hiyo vilevile au vizuri zaidi, hakuna haja ya kuendelea na yenye shaka.

Mbadala mmoja uliojaribiwa mapema ulikuwa chokaa. Kitaalamu huitwa haidroksaidi ya kalsiamu, nayo kwa asili yake ni kitu kilekile kinachopatikana chokaa ya kupaka ukuta inapozimwa kwa maji, ingawa ya hospitalini husafishwa na kupimwa kwa viwango vya dawa. Katika jino la ukubwani chokaa huchochea kiini kujijengea ukuta mpya mgumu. Katika jino la utoto mambo huenda kinyume: mara nyingi kiini huanza kulila jino kwa ndani. Tathmini ya tafiti iliyofanywa kwa ajili ya mwongozo wa mwaka 2017 wa Chama cha Madaktari wa Meno ya Watoto cha Marekani ilionesha kwamba baada ya miaka 2 ni zaidi kidogo ya nusu tu ya meno yaliyotibiwa kwa chokaa yaliyokuwa salama, na mwongozo huo ukashauri isitumike kwa tiba hii.

Mbadala mwingine ni salfeti ya chuma, kimiminika kinachopakwa kwa sekunde chache na kugandisha damu kwenye midomo ya mishipa iliyokatwa. Haina fomalini, bei yake ni nafuu, na matokeo yake yanakaribiana na ya formokresoli. Udhaifu wake ni kwamba, kwa kuwa husimamisha damu kwa nguvu, inaweza kumficha daktari ile dalili aliyokuwa akiitafuta ya kiini kinachoendelea kutoa damu kwa sababu ya ugonjwa.

Mabadiliko makubwa yalitokea miaka ya 1990. Katika Chuo Kikuu cha Loma Linda, jimbo la California, Profesa Mahmoud Torabinejad na wenzake walitengeneza unga wa kuziba mizizi ya meno ambao msingi wake ni saruji ya Portland, ndugu wa karibu wa saruji ya kujengea nyumba. Unga huo hujulikana kwa kifupi cha herufi tatu, MTA, na uliidhinishwa kutumika nchini Marekani mwaka 1998. Msomaji asitafsiri vibaya: saruji ya dukani haina usafi wala vipimo vya dawa, inaweza kuwa na madini yenye sumu, na haifai kuingia kinywani. Lakini kanuni ya kikemikali ni moja. Kama saruji ya fundi mwashi, unga huu huhitaji maji ili ushike, na hapo ndipo ubora wake ulipo, kwa kuwa dawa nyingi za meno huharibika zikiguswa na unyevu au damu. Kadiri unavyoganda, hutoa chokaa kidogo kidogo, hali inayowadhoofisha vijidudu, huku ukiziba vizuri kuliko chokaa yenyewe. Kiini kilicho chini yake hakikaushwi wala hakiuawi, bali huachwa hai kikajijengea kinga. Katika tathmini ileile ya mwaka 2017, takriban meno 9 kati ya 10 yaliyotibiwa kwa MTA yalikuwa salama baada ya miaka 2.

Dawa hiyo haikosi kasoro. Huchukua saa kadhaa kushika kikamilifu. Unga wa awali una madini ya bizimathi, yaliyowekwa ili uonekane kwenye eksirei, ambayo hugeuza rangi ya jino kuwa ya kijivu. Kwa gego la nyuma si tatizo kubwa, kwa jino la mbele ni tatizo. Na kubwa kuliko yote, ni ghali: huuzwa kwa vipakiti vya gramu chache tu. Kizazi kilichofuata cha saruji hizi, ikiwamo Biodentine ya kampuni ya Kifaransa ya Septodont, kiliondoa bizimathi na kupunguza muda wa kushika hadi takriban dakika 12, ila suala la bei limebaki.

Kwa sababu hiyo, si kila kituo kitakuwa na saruji hizi kila siku, na daktari anayetumia dawa ya zamani si lazima awe amekosea. Mwongozo huohuo wa mwaka 2017 uliziweka MTA na formokresoli pamoja miongoni mwa dawa zilizopendekezwa kwa nguvu. Mzazi ana haki ya kuuliza inawekwa dawa gani na kwa nini. Hana haja ya kukimbia tiba kwa sababu tu ameambiwa jina asilolitarajia.

Kiini kikishakufa

Iwapo kiini chote kimekufa lakini mizizi bado ni imara, njia za ndani ya mizizi husafishwa na kujazwa. Kwa mtu mzima hujazwa kwa aina ya mpira mgumu uitwao gutapacha, ambao hukaa humo daima. Kwa mtoto hilo haliruhusiwi, isipokuwa ikithibitika kwamba hakuna jino la ukubwani chini yake. Sababu ni kwamba mizizi ya jino la utoto lazima iyeyuke jino la ukubwani linapopanda. Kinachojaza mizizi hiyo hakina budi kuyeyuka pamoja nayo, kisitangulie sana na kisichelewe. Katika fani ambayo kwa kawaida husifu kinachodumu, hapa inatafutwa dawa inayojua kuondoka.

Dawa ya siku nyingi kwa kazi hiyo ina uhusiano wa karibu na nchi yetu. Ni mchanganyiko wa oksaidi ya zinki na yujenoli, na yujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, zao lililoipa jina Unguja na Pemba katika masoko ya dunia. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno anaijua harufu hiyo. Mchanganyiko huo hutuliza na huzuia vijidudu, ila huyeyuka polepole kuliko mzizi, na wakati mwingine chembe zake hubaki kwenye fizi baada ya jino kung'oka. Mchanganyiko wa aina nyingine, wenye rangi ya njano, hutumia ayodofomu pamoja na chokaa. Huu huyeyuka haraka, hata ukivuja nje ya mzizi, lakini unaweza kutoweka ndani ya jino kabla ya wakati. Hautumiki kwa mtoto mwenye mzio wa madini ya ayodini, hivyo mzazi aseme mapema.

Kutajwa kwa karafuu kunahitaji tahadhari. Zipo kaya ambazo huweka mafuta ya karafuu au karafuu iliyosagwa kwenye tundu la jino la mtoto. Maumivu hutulia kwa muda, kwa kuwa yujenoli ina ganzi ya asili, lakini uozo huendelea kimya kimya. Mafuta yasiyochanganywa huunguza fizi, na mtoto mdogo akiyameza yanaweza kumdhuru vibaya. Kusaga kidonge cha maumivu na kukibandika kwenye fizi pia huunguza nyama ya kinywa. Maumivu yakikoma ghafla baada ya siku kadhaa, mzazi asifurahi upesi, kwani huenda kiini ndiyo kimekufa.

Mizizi ikiwa imeharibika kiasi kwamba haiwezi kujazwa, ipo njia ya kuweka mchanganyiko wa viuavijasumu ndani ya chumba cha jino, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Niigata nchini Japani. Huchukuliwa kama hatua ya kusogeza muda, pale ambapo kulihifadhi jino hata kwa mwaka mmoja kuna faida. Vinginevyo, kung'oa ndiyo tiba sahihi.

Kifuniko na mchango wa Tanzania

Lipo jambo ambalo wataalamu hulisisitiza na wananchi hulisahau: jino lililotibiwa kiini huharibika tena mara nyingi kwa sababu kifuniko chake kimevuja, hata pale dawa ya ndani ilipokuwa nzuri. Kwa gego la utoto kifuniko kinachoaminika zaidi ni taji la chuma kisichoshika kutu, lililoanza kutumika kwa watoto mwaka 1950. Halipendezi machoni na baadhi ya wazazi hulikataa kwa sababu hiyo. Lakini jino lililotolewa kiini ni dhaifu, nalo taji hulizuia lisipasuke na huzuia mate yasipenye. Kuhusu risasi ya fedha yenye zebaki, iliyotumika kuzibia meno kwa miaka mingi, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, Tanzania ikiwamo, zilikubaliana mwezi Machi 2022 kwamba isitumike kwa meno ya utoto wala kwa watoto walio chini ya miaka 15, isipokuwa daktari anapoona ulazima.

Tiba bora zaidi ya kiini ni ile inayofanyika uozo ukiwa haujakifikia, na hapo Tanzania ina nafasi yake katika historia. Katikati ya miaka ya 1980, kupitia shule ya tiba ya meno jijini Dar es Salaam, mtaalamu kutoka Uholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kutumia mbinu ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono pekee na kuziba tundu kwa dawa inayoshikamana na jino, bila umeme wala mashine ya kutoboa. Mbinu hiyo ilitokana na mazingira ya vijijini ambako umeme haukuwapo na chaguo pekee lilikuwa kung'oa. WHO iliitangaza duniani katika Siku ya Afya Duniani ya tarehe 7 Aprili 1994. Leo, dawa ya kuzibia inayotumika kwenye mbinu hiyo, iitwayo glasi ayonoma, pamoja na floridi yenye madini ya fedha inayosimamisha uozo bila kuchimba jino, na dawa ya mswaki yenye floridi, zote zimo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya WHO tangu mwaka 2021. Floridi hiyo ya fedha huacha doa jeusi mahali palipooza, na ni vyema mzazi aelezwe kabla ya kupakwa.

Historia hiyo inakaa pembeni ya nyingine isiyofurahisha. Katika maeneo mbalimbali nchini iliwahi kuenea, na bado haijaisha, imani kwamba fizi zilizovimba za mtoto mchanga anayeharisha au mwenye homa zina "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni" ambayo sharti yachimbuliwe. Kinachochimbuliwa ni mbegu za chonge za utoto, mara nyingi kwa kifaa kisicho safi. Mtoto hupoteza damu, huambukizwa, na ugonjwa uliomfanya aharishe hubaki bila tiba. Mtoto anayeharisha apelekwe kituo cha afya.

Pa kwenda na ya kusema

Mzazi wa Kiseke aanzie kituo cha afya au hospitali yenye kitengo cha kinywa na meno iliyo karibu naye ndani ya Manispaa ya Ilemela. Matundu madogo na ung'oaji wa kawaida humalizikia hapo. Tiba ya kiini huhitaji eksirei na daktari wa kinywa na meno, hivyo mtoto anaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, zote zikiwa Mwanza. Kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Afya ya mwaka 2007, watoto walio chini ya umri wa miaka 5 wamo katika makundi yanayopata msamaha wa malipo katika vituo vya umma. Kwa kuwa dawa za kiini na mataji huweza kutopatikana kila mahali, ni busara kuuliza kabla tiba haijaanza iwapo vifaa vyote vipo, ili jino lisifunguliwe likaachwa bila kifuniko cha kudumu.

Vifaa tiba, vikiwamo vya meno, husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), yenye ofisi ya kanda jijini Mwanza. Mwananchi anayetilia shaka bidhaa anaweza kutoa taarifa huko.

Mzazi aeleze pia magonjwa mengine ya mtoto hata kama hajaulizwa. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ulioenea kwa kiwango kikubwa katika Kanda ya Ziwa, anaweza kupata shambulio la maumivu kutokana na uambukizo wa jino. Mtoto mwenye tatizo la moyo yumo hatarini zaidi vijidudu vikiingia kwenye damu. Kwa watoto hao daktari anaweza kuamua kung'oa jino lenye usaha mahali ambapo kwa mwingine angelitibu, na uamuzi huo huwa wa kumlinda mtoto.

Uvimbe wa shavu au chini ya taya unaoambatana na homa, kushindwa kumeza au kupumua kwa shida si wa kusubiri siku ya kliniki. Ni dharura, na mtoto afikishwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Jino lililotibiwa huangaliwa kila baada ya takriban miezi 6, na mara kwa mara hupigwa picha ili kuthibitisha kwamba mizizi haina uharibifu na jino la ukubwani linapanda ipasavyo. Mtoto aliyetibiwa gego la pili akiwa na miaka 5 ataendelea kulitafunia kwa miaka 5 hadi 7 zaidi. Siku litakapolegea na kudondoka, pengine akiwa darasa la tano au la sita, litatoka na taji lake likiwa bado limelishika, chini yake mizizi ikiwa imekwisha, na kwenye fizi kitaonekana kichwa cheupe cha jino la ukubwani kikichungulia.